Upande wa Pili wa Mlima

Foleni ilitusimamisha katikati ya mlima.

Barabara kuu inayotoka katikati ya jiji la Birmingham, Alabama, kuelekea kusini haiupandi Red Mountain wala haiuzunguki, imeupasua. Kuta mbili za mwamba zimesimama kulia na kushoto, tabaka juu ya tabaka, na baina ya tabaka za kijivu na za kahawia umepita mkanda mmoja mwekundu, mwekundu kama udongo wa Lushoto baada ya mvua. Mkanda huo ni madini ya chuma. Nimeishi katika jiji hili kwa miaka saba na kupita pale mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, lakini sikuwahi kuutazama. Jioni ile niliutazama kwa muda mrefu, kwa sababu magari hayakusogea, na kwa sababu kichwani mwangu yalikuwa yakizunguka maneno matatu niliyoambiwa mchana wa siku hiyo kazini.

Tulikuwa tunakwenda kuangalia nyumba katika mojawapo ya miji midogo iliyo upande wa pili wa mlima. Mtoto wetu wa kwanza amekaribia kuingia sekondari, na dalali alikuwa ametwambia kwamba familia zote anazozihudumia zikishafikia umri huo wa watoto huuliza swali moja tu, nalo ni la shule. Mchana nilikuwa nimemsimulia jambo hilo mwenzangu mmoja, fundi wa mitambo katika hospitali ninakofanya kazi ya maabara. Amezaliwa Ensley, magharibi mwa jiji, na baba yake alifanya kazi kwenye matanuri ya chuma. Mimi humwita Mzee, naye alikwisha kuniuliza maana ya neno hilo na akaridhika nalo. Nilipomweleza habari ya nyumba alikaa kimya kidogo, akafunga sanduku lake la zana, akasema:

"Na ninyi pia."

Hakuongeza neno. Kwa majuma matano sasa nimekuwa nikijiuliza alikuwa na maana gani, na katika kujiuliza huko nimejikuta nikisoma takwimu za sensa usiku, watoto wakiwa wamelala, kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha.

Sensa sita

Mwaka 1960 Birmingham ilihesabiwa kuwa na watu 340,887, idadi ambayo haijafikiwa tena hadi leo. Tangu hapo sensa sita mfululizo zimeonyesha kupungua: 300,910 mwaka 1970, 284,413 mwaka 1980, na kuendelea kushuka hadi 200,733 mwaka 2020. Watu wanne katika kila kumi wametoweka kwenye hesabu. Jambo linalozidi kushangaza ni kwamba katika miaka ya 1980, chini ya Richard Arrington, meya wa kwanza Mweusi wa jiji hili, mipaka ilipanuliwa sana kwa makusudi ili kuongeza ardhi na mapato, na hata hivyo idadi iliendelea kushuka. Nguo ilizidi kuwa kubwa huku mwili ukikonda.

Sensa hiyo ya 2020 ilileta habari nyingine iliyowauma wenyeji. Huntsville, kaskazini mwa jimbo, ilihesabiwa kuwa na watu 215,006 na kuipita Birmingham. Mwaka 1950 Huntsville ilikuwa mji wa pamba wenye watu 16,437, wakati Birmingham ilikuwa na 326,037, karibu mara ishirini. Mwaka huo huo jeshi la Marekani liliwahamishia huko Wernher von Braun na wahandisi wake wa roketi; miaka kumi baadaye kikafuata kituo cha anga cha Marshall; na fedha za serikali ya shirikisho hazijaacha kumiminika tangu wakati huo.

Nikiwa mtoto wa Tanga, habari ya jiji kupitwa na jingine inanigusa kwa namna ya pekee. Tanga ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa katika sensa ya 1967, kabla ya Mwanza kuipita. Nimekulia karibu na eneo la viwanda la Gofu, nikiwasikia wakubwa wakizungumza juu ya mkonge kwa sauti wanayoitumia watu kumzungumzia ndugu aliyefariki. Kwa hiyo nilipofika Birmingham na kuona mabomba ya moshi yasiyotoa moshi, nilidhani nimeshaielewa habari yake yote: kiwanda kimekufa, watu wamehama.

Nilikosea, na kosa hilo lilichukua miaka kunitoka.

Mawe matatu

Jiji hili lilianzishwa mwaka 1871 mahali reli zilipokutana, ndani ya bonde ambalo ndani yake na kandokando yake vilipatikana vitu vyote vitatu vinavyohitajika kutengeneza chuma: madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Mwaka 1880 lilikuwa na watu 3,086. Mwaka 1910, baada ya kumeza miji ya jirani, likawa na 132,685. Ndiyo maana liliitwa jiji la mazingaombwe, na jina hilo linatumika hadi leo. Lakini sehemu ya mazingaombwe hayo ilikuwa kazi ya wafungwa, wengi wao Weusi waliokamatwa kwa makosa madogo, ambao jimbo liliwakodisha kwa makampuni ya migodi. Mwaka 1911 mlipuko katika mgodi wa Banner uliwaua watu 128, wengi wao wakiwa wafungwa wa aina hiyo. Alabama haikuacha kukodisha wafungwa hadi mwaka 1928.

Mwaka 1907 kampuni kubwa ya chuma ya hapa ilinunuliwa na U.S. Steel, yenye mizizi Pittsburgh. Kwa miaka mingi bei ya chuma cha Birmingham ilipangwa kwa namna iliyomfanya mnunuzi wa kusini alipe zaidi, ili kiwanda cha hapa kisiwashinde ndugu zake wa kaskazini. Baadaye madini yenyewe, ambayo hayana chuma kingi ndani yake, yalishindwa kushindana na yale yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Matanuri ya Sloss yalizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na sasa ni makumbusho. Huko Fairfield tanuri kubwa lilizimwa mwaka 2015, na zaidi ya watu elfu moja wakapoteza kazi.

Hiyo ndiyo habari niliyoijua. Ni ya kweli, na inaeleza kwa nini kazi zilipungua. Haielezi kwa nini jiji lilianza kupungua baada ya 1960, wakati matanuri mengi yalikuwa bado yanawaka.

Walikwenda wapi?

Jibu nililipata katika takwimu ambayo nilikuwa nimeiruka mara kadhaa kwa kudhani hainihusu. Eneo lote la Birmingham, yaani jiji pamoja na miji inayolizunguka, lina watu zaidi ya milioni moja na laki moja. Ni zaidi ya mara mbili ya eneo la Huntsville.

Watu hawakutoweka. Wengi wao walivuka mlima.

Mountain Brook, mojawapo ya miji hiyo ya upande wa pili, ilianzisha mamlaka yake ya shule mwaka 1959, miaka mitano baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Vestavia Hills ilijitoa katika shule za Kaunti ya Jefferson, yaani za wilaya nzima, mwaka 1970, wakati mahakama zilipokuwa zikilazimisha kaunti hiyo kuchanganya watoto. Hoover, ambayo haikuwa mji wenye mamlaka yake hadi mwaka 1967, leo ina watu zaidi ya 92,000. Sheria ya Alabama inauruhusu mji wowote wenye watu 5,000 au zaidi kuanzisha shule zake, kuzitoza kodi nyumba zake, na kubaki na fedha hizo ndani ya mpaka wake. Ukitaka kuelewa ramani ya hapa, usianze na mito wala reli. Anza na kifungu hicho.

Yaliyotokea Birmingham mwaka 1963, Weusi walipoandamana kudai haki zao na polisi wakawaachia mbwa, msomaji anayafahamu, nami sitayarudia. Nitaongeza tu jambo moja ambalo sikulijua kabla ya majuma haya: bomu lililowaua wasichana wanne katika kanisa la Kibaptisti la 16th Street, Jumapili ya tarehe 15 Septemba, lililipuka siku chache tu baada ya watoto wa kwanza Weusi kuingia katika shule za Wazungu za jiji hili. Nilikuwa nimelisikia bomu hilo likitajwa daima pamoja na maandamano, mbwa na mipira ya maji ya zimamoto. Kwa mara ya kwanza nililiona pia kama habari ya shule. Nilifunga kompyuta, nikaenda kuwaangalia wanangu walivyolala.

Wala hayo si ya zamani yaliyokwisha. Gardendale, mji ulio kaskazini mwa Birmingham, ulijaribu kuanzisha shule zake katika muongo uliopita. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliona kwamba rangi ilikuwa miongoni mwa sababu zilizousukuma mji huo, lakini akauruhusu kuanza na baadhi ya shule. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaufunga mlango kabisa. Wakati huo mimi nilikuwa tayari naishi hapa, nikinunua matandiko ya watoto katika maduka ya Gardendale, na sikujua.

Asilimia moja

Kila mwezi hati yangu ya mshahara ina makato ambayo sikuwahi kuyauliza: asilimia moja kamili, kodi ya jiji. Hutozwa mtu yeyote anayefanya kazi ndani ya mipaka ya Birmingham, awe analala humo au analala kwingine. Asubuhi ukisimama kwenye daraja lolote linalotazama kusini utaona maelfu ya magari yakishuka kutoka mlimani kuja kazini: kwenye benki, mahakamani, na zaidi ya yote kwenye chuo kikuu cha UAB na hospitali zake, ambavyo vimechukua mtaa baada ya mtaa wa upande wa kusini na kuajiri watu zaidi ya 20,000. Pale ambapo babu alifanya kazi kwenye tanuri, mjukuu anapima damu au anasukuma kitanda cha mgonjwa. Jioni magari yale yale yanarudi mlimani, na nyuma yake inabaki ile asilimia moja.

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa haki. Asilimia moja ni fedha nyingi kwa jiji ambalo nyumba zake nyingi zimepungua thamani, na bila hiyo sijui zimamoto wangelipwa na nani. Lakini jiji linaloishi kwa kodi ya mchana na kukosa wakazi wa usiku ni kama mwenye duka ambaye wateja wake hawalali mtaani kwake: taa ya barabarani ikizimika, anayelalamika ni yeye peke yake. Birmingham ina mitaa rasmi 99, na katika mitaa mingi kati ya hiyo kuna nyumba zilizozibwa madirisha kwa mbao, na viwanja ambavyo nyumba zake zimebomolewa vikabaki ngazi tatu za zege zinazopanda kuelekea kwenye majani. Hapo East Lake tunapopanga sisi, nina ngazi za namna hiyo mbele ya dirisha la jikoni.

Na jiji halina uhuru mkubwa wa kujiokoa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 baraza la jiji liliamua kwamba kima cha chini cha mshahara kiwe dola 10.10 kwa saa, badala ya dola 7.25 za sheria ya shirikisho. Bunge la jimbo lilitunga haraka sheria ya kuizuia miji yote kufanya hivyo, gavana akaitia saini ndani ya mwezi huo huo wa Februari, na nyongeza ile ikafa. Nilikuwa mgeni, nikifanya usafi katika hoteli wakati nikisubiri vyeti vyangu vya maabara vitambuliwe, na nakumbuka wanawake niliofanya nao kazi wakiizungumzia nyongeza hiyo Jumatatu moja kama kitu kilichopo, na Jumatatu nyingine kutoizungumzia kabisa.

Juu ya hayo kuna maji taka. Kaunti ya Jefferson, ambamo Birmingham imo, ililazimika kutengeneza mfumo wake wa maji taka kwa sababu ulikuwa ukichafua mito, ikakopa kwa mikataba mibaya, baadhi ya viongozi wake wakahukumiwa kwa rushwa, na mwezi wa Novemba 2011 ikatangaza kufilisika ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni nne. Wakati huo haikuwahi kutokea serikali ya mahali popote Marekani kufilisika kwa kiasi hicho. Bili ya maji taka inayofika mlangoni mwetu bado inalipa sehemu ya habari hiyo, na jirani yangu, bibi anayeishi peke yake, huisoma kwa miwani miwili.

Hesabu yangu ilivyoharibika

Nilimwambia mume wangu yote hayo usiku mmoja, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia. Yeye huendesha lori la masafa marefu, na anapokuwa nyumbani hupenda mazungumzo yenye mwisho. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema: "Mama watoto, hao waliovuka mlima walikuwa wakimkimbia mtu kama wewe. Wewe ukivuka unamkimbia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba sisi ni Weusi, tena wageni, kwa hiyo kuhama kwetu ni jambo tofauti. Kwa siku kadhaa nilijificha nyuma ya hoja hiyo, hadi takwimu zenyewe ziliponitoa. Mwaka 1960 Weusi walikuwa wanne katika kila wakazi kumi wa jiji. Leo ni karibu saba katika kila kumi. Nilikuwa nimeusoma uwiano huo kana kwamba unaeleza kila kitu: Wazungu waliondoka, Weusi wakabaki. Lakini uwiano unaweza kupanda wakati hesabu yenyewe inashuka. Tangu mwaka 2000 Weusi nao wamekuwa wakipungua Birmingham kwa makumi ya maelfu. Walimu, wauguzi, mafundi, watu wenye mkopo wa nyumba unaokubalika benki, wamekwenda Hoover, wamekwenda Center Point, wamekwenda Atlanta. Hawakumkimbia mtu yeyote wa rangi nyingine. Walitafuta shule yenye walimu wa kutosha, na fedha za shule hiyo zilikuwa zimeshavuka mlima kabla yao.

Hapo ndipo maneno ya Mzee yaliponichoma upya. Kumbe "pia" yake haikutuweka pamoja na Wazungu wa mwaka 1970.

Ensley

Jumamosi moja nilimwomba anionyeshe alikozaliwa. Alikuja kunichukua kwa gari lake, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda ibadani.

Mabomba ya moshi ya kiwanda cha Ensley bado yamesimama, marefu, katikati ya msitu uliojiotea wenyewe. Uzalishaji ulikwisha kukoma kufikia miaka ya 1980, na miti iliyo pale sasa ni minene kuliko kiuno cha mtu. Alinionyesha lilipokuwa lango, na njia aliyokuwa akiipita kumpelekea baba yake chakula. Alinieleza kwamba baba yake hakuruhusiwa kupandishwa cheo na kusimamia tanuri, bali alimfundisha kazi Mzungu kijana ambaye baadaye alimsimamia, na kwamba mshahara wa kazi hiyo hiyo ndio uliojenga nyumba yenye vyumba vinne na kusomesha watoto watano. Aliyasema yote mawili kwa sauti moja, bila kulifanya moja lifute lingine.

Katikati ya Ensley tulisimama mbele ya majengo ya ghorofa ya matofali yaliyokuwa benki na maduka. Tulikuwa sisi wawili tu barabarani. Nikaona sasa ndio wakati, nikamwuliza alikuwa na maana gani siku ile.

Alifikiri. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: binti yake mkubwa yuko Hoover, wa pili Atlanta, kijana wake Huntsville kwenye kiwanda cha magari. Ndugu zake wanne, mmoja ndiye aliyebaki. Mchungaji wake. Daktari wake wa meno. "Huwa nahesabu tu," alisema. "Wewe nilikuwa nimekuhesabu upande wa huku."

Nilitarajia kulaumiwa, na ningeweza kujitetea. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

Nilimwuliza kama aliwahi kumwambia binti yake asihame. Akasema hapana, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyebeba makochi. Wajukuu wake wanasoma vizuri, mmoja anapiga fidla. Akasema anapokwenda kuwatazama hupita pale mlima ulipopasuliwa, na kila mara huutafuta ule mkanda mwekundu ukutani, kwa sababu babu yake alichimba madini hayo upande wa pili wa mlima huo huo, kwa taa ya kofia, akiwa amelala ubavu.

Mkataba wetu wa pango unakwisha mwezi wa saba. Ile nyumba ya upande wa pili wa mlima bado haijauzwa. Dalali hupiga simu kila Jumatano. Nimekwenda mara mbili katika shule ya serikali ya hapa mjini ambayo mtoto wetu angeweza kuomba nafasi kwa mtihani, nikakaa nyuma ya darasa la hisabati, na mwalimu niliyemwona alikuwa akijua kazi yake. Nafasi ni chache. Mume wangu amesema tuangalie pia nyumba moja ya matofali huko Crestwood, ndani ya mpaka wa jiji, ambayo bei yake tunaiweza lakini ilijengwa kabla ya vita na sakafu yake inainama upande mmoja.

Tutakwenda kuiona Jumamosi. Nimemwomba Mzee aje nasi kuukagua msingi. Amesema atakuja na tochi na timazi, na kwamba tusimwambie dalali kitu chochote kabla yeye hajaingia chini ya sakafu.